Somo: Kukadiria uwezo wa mapafu ya mtoto kwa urefu, umri na jinsia

Wengi wakishika spirometa, mashine ya kupimia pumzi, wanakimbilia mdomo wa kupulizia. Mimi wanafunzi wangu nawaanzishia ukutani, kwenye ubao wa kupimia urefu. Mapafu ya mtoto hayana kiwango kimoja cha kawaida kama lilivyo joto la mwili. Lita moja na nusu ni kipimo kizuri kwa wa miaka sita, ila kwa wa miaka kumi na miwili ni jambo la kushtua. Ndiyo maana mashine, kabla ya chochote, inauliza: ana urefu gani, umri gani, wa kike au wa kiume? Kisha inakadiria mtoto mwenye afya wa namna hiyo angepuliza kiasi gani. Ukiipa urefu wa uongo, itakupa ugonjwa wa uongo.

Hatua ya 1: Urefu

Hapa nitakaa sana, maana ndipo tunapoharibu.

Vua viatu, kofia na chochote kilichobandikwa nywelini. Visigino pamoja, vikigusa ubao. Makalio na mgongo wa juu pia. Mtoto atazame mbele, si juu: ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe usawa mmoja na tundu la sikio. Shusha kibao hadi kiguse fuvu, usome macho yako yakiwa usawa wa kibao, uandike hadi sehemu ya kumi ya sentimita. Usimuulize mzazi, na usinakili namba ya kliniki iliyopita. Watoto hawasubiri faili.

Kwa nini nasumbua hivi? Kwa sababu ujazo wa mapafu haupandi sambamba na urefu. Kwa makadirio ya haraka, unapanda kama urefu uliopandishwa kipeo cha 2.5. Chukua mtoto wa sentimita 120 aliyepimwa na viatu, akaandikwa 123. Kosa la urefu ni asilimia 2.5 tu, lakini makadirio yanavimba kwa zaidi ya asilimia 6. Aliyekuwa kwenye asilimia 85 ya makadirio sasa anasomeka 80. Hajaugua, amevaa viatu.

Kwamba urefu ndio unaobeba hesabu si ugunduzi wa jana. John Hutchinson, daktari Mwingereza, alichapisha mwaka 1846 vipimo vya watu zaidi ya 2000 na kuonyesha kwamba pumzi inaongezeka kadiri mtu anavyokuwa mrefu.

Hatua ya 2: Umri

Andika tarehe ya kuzaliwa, mashine ikokotoe yenyewe. Kama lazima uandike kwa mkono, tumia desimali: mwenye miaka 8 na miezi 11 ni 8.9, si 8. Karibu na balehe umri unakuwa na uzito wake, kwa kuwa miguu hutangulia kurefuka, kiwiliwili kikafuata, na mapafu yamo ndani ya kiwiliwili. Watoto wawili wenye urefu uleule, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa 14, hawatarajiwi kupuliza sawa.

Hatua ya 3: Jinsia

Kwa urefu uleule, wavulana kwa kawaida wana ujazo mkubwa kuliko wasichana. Bonyeza sahihi, basi.

Hatua ya 4: Mlinganyo

Mlinganyo ndio hesabu ambayo mashine inatumia kukadiria. Inayotumika sana ni milinganyo ya GLI (mradi wa kimataifa wa viwango vya mapafu) ya mwaka 2012, inayofunika miaka 3 hadi 95 na iliyojengwa kwa vipimo vya watu zaidi ya 74,000 wasiovuta sigara. Hiyo inakutaka uchague kundi la asili la mtu. Mwaka 2022 ukatoka mlinganyo mmoja wa watu wote, usiouliza asili. Andika kwenye faili umetumia upi. Ukibadilisha katikati, matokeo yataruka na mtoto ni yuleyule.

Hatua ya 5: Pulizo

Avute hewa hadi mwisho, apulize kwa kishindo bila kusita, aendelee hadi iishe. Kwa wenye zaidi ya miaka 6, mapulizo mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Kipimo kikuu ni hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, lakini wadogo sana humaliza pumzi kabla ya sekunde moja kutimia. Kwao hutumika hewa ya nusu sekunde au ya robo tatu ya sekunde.

Hatua ya 6: Kulinganisha

Tuseme makadirio ya hewa ya sekunde ya kwanza ni lita 1.60, naye amepuliza 1.28. Hiyo ni asilimia 80. Mgonjwa? Inategemea watoto wenye afya wanatawanyika kiasi gani. Mtawanyiko ukiwa 0.12, chukua 0.80 utoe 1, gawanya kwa 0.12: unapata −1.67. Hiyo ndiyo alama z, yaani yuko mbali na makadirio kwa mitawanyiko mingapi, nayo iko chini kidogo ya mpaka wa kawaida, −1.64. Mtawanyiko ukiwa 0.15 unapata −1.33, naye yumo ndani ya kawaida. (Mashine hurekebisha zaidi ya hapo, nimeyaacha hesabu iwe nyepesi.) Asilimia ileile, majibu mawili. Soma alama z.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, asante kwa somo. Mtoto ambaye uti wa mgongo umepinda tunampimaje urefu?

Usitumie urefu wa kusimama, utamfanya aonekane mzima kuliko alivyo. Mnyooshe mikono, upime ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati. Wazee waliita kipimo hicho pima, na walijua kinakaribiana na kimo cha mtu. Asipoweza kunyoosha mikono, urefu wa ulna, mfupa wa mkono kati ya kiwiko na kifundo, nao hutumika kukadiria.

Mbona hujagusa uzito?

Kwa kuwa haumo kwenye mlinganyo. Uandike hata hivyo. Mtoto mnene anaweza kuwa na ujazo mzuri, hata wa juu, huku uwiano wa sekunde ya kwanza kwa pumzi yote ukishuka. Mwenye kutafsiri atahitaji kujua.

Ndugu mwalimu, mimi sina spirometa, nina kile kifaa cha kupima kasi ya kilele tu, yaani kasi ya juu kabisa ya pumzi inayopulizwa.

Toa 80 kwenye urefu wa sentimita, zidisha kwa 5. Mtoto wa 130 anakadiriwa lita 250 kwa dakika. Ni kadirio la jumla. Akiwa na pumu, kipimo chake bora mwenyewe siku za afya kinakufaa zaidi.

Samahani, mimi ni mzazi. Mwanangu ana pumu, lakini karatasi imesema kawaida. Walikosea?

Hapana, mama. Pumu huja na kuondoka; siku ya kipimo njia za hewa zinaweza kuwa wazi kabisa. Usimwachishe dawa kwa sababu ya karatasi hiyo, rudi nayo kwa daktari wake.

Na aliyedumaa?

Swali zuri kuliko yote. Mlinganyo unamlinganisha na watoto wa kimo chake, hivyo mapafu madogo yanaweza kusomeka kawaida kwa sababu mwili wote ni mdogo. Weka chati ya ukuaji kando ya matokeo, na upime tena baada ya miezi kadhaa, bila viatu.