Nyumba iwe na joto kabla baridi haijakamata: ziba upepo kwanza, mito ya kochi baadaye

Majani yakianza tu kupukutika na asubuhi zikianza kuwa na ubaridi, watu wengi wanakimbilia kununua mito mipya ya kochi, blanketi na mishumaa, wanapanga sebule inapendeza kweli, af baridi ikiingia yenyewe unawakuta wamekaa kwenye hiyo sebule na majaketi. Mito haina shida jamani, shida ni mpangilio wa kazi. Nyumba inayopitisha upepo na yenye taa nyeupe kama za duka la dawa hata uijaze mablanketi haitakaa ikuvutie kukaa. Mi mpangilio wangu ni huu na nautetea: unaziba upepo, unashughulikia vioo na sakafu, unabadilisha taa, unapaka rangi, vitambaa ndo vinakuja mwisho. Uzuri ni kwamba zile kazi za mwanzo ndo za gharama ndogo na ndo zinabadilisha nyumba kuliko hizo zingine zote, kwa hiyo hata kama hela itaishia njiani bado utakuwa umefanya la maana.

Na ufanye sasa hivi wakati bado unaweza kuacha madirisha wazi mchana, maana rangi na silikoni (ile gundi ya kuzibia nyufa) zote zinataka hewa na ukavu.

Kutafuta upepo unakoingilia

Subiri siku yenye upepo, funga madirisha na milango yote, zima feni, washa kijiti cha udi af kipitishe polepole pembeni mwa kila fremu. Moshi ukipanda wima ujue pako sawa, ukiyumba au ukavutwa pembeni hapo ndo kuna tundu, weka alama kwa chaki au kipande cha selotepu uendelee, ila kuwa makini na mapazia maana kile kijiti kina moto. Watu wanakagua madirisha tu wanaacha sehemu zinazovuja kuliko dirisha: chini ya mlango wa nje, pale bomba la maji au waya unapoingilia ukutani, soketi zilizoko kwenye ukuta wa nje, na kile kifuniko cha kupandia darini. Hicho cha darini usikidharau kabisa, hewa ya moto inapanda juu na ikipata upenyo huko inaondoka na joto lote ulilolilipia.

Mlango pima kwa karatasi. Weka karatasi katikati ya mlango na fremu, funga, vuta. Ikitoka kirahisi bila kugoma basi mpira umekwisha au haukuwahi kuwepo, nunua ile sponji ya kubandika yenye gundi nyuma uzungushie fremu, lakini kwanza pima upana wa uwazi wenyewe maana ukibandika sponji nene kupita kiasi mlango hautafunga na utaanza kuusukuma kwa bega kila siku mpaka bawaba zilegee. Chini ya mlango weka brashi ile ya kufunga kwa skrubu au shona mfuko mrefu wa kitambaa kizito ujaze mchanga au mabaki ya nguo uulaze pale, unafanya kazi vizuri tu.

Nyufa zisizocheza, kati ya fremu na ukuta, hizo ni za silikoni. Toa ile ya zamani yote kwa kisu, safisha, acha pakauke kabisa, kata mdomo wa chupa kwa mshazari, vuta mstari mmoja bila kusimama af ulainishe kwa kidole ulicholowesha maji ya sabuni. Iache kama saa 24 kabla hujaigusa. Sasa hapa kuna kitu wengi hawaambiwi dukani: silikoni ya kawaida haishiki rangi, ukipaka juu yake rangi inajikunja na kubanduka, kwa hiyo kama sehemu hiyo utaipaka rangi chukua ile ya akriliki.

Ila kuna matundu HAYAZIBWI. Yale ya kupitisha hewa ya jiko la gesi, hita ya gesi, boila (mtambo wa kuchemshia maji) au meko ya kuni yamewekwa kwa sababu, ukiyaziba unaiweka familia hatarini. Nitarudi kwenye hili.

Vioo na sakafu

Umewahi kukaa karibu na dirisha kubwa, kipimo kinasema chumba kiko sawa ila upande mmoja wa mwili unasikia baridi? Mwili unapoteza joto kuelekea kwenye kitu chochote cha baridi kilicho karibu yake hata kama hewa yenyewe ni ya vuguvugu, kwa hiyo kioo kikiwa cha baridi kinakunyonya joto hivihivi bila upepo wowote. Ndo maana sehemu ya kukaa inataka kusogezwa. Toa kochi kwenye dirisha na kwenye ukuta wa nje, liweke ukuta wa ndani, na kama chumba hakiruhusu basi liache upenyo wa sentimita 5 hadi 10 nyuma yake hewa ipite, la sivyo utakuta ukungu mweusi umeota ukutani nyuma ya kochi na hutajua mpaka siku ya kuhamisha vitu. Kama una hita ya ukutani usiiwekee kochi mbele, utakuwa unalipasha moto kochi.

Mapazia sasa. Makosa ni yaleyale kila nyumba, pazia fupi linaishia chini kidogo ya dirisha, jembamba na limebana kiasi kwamba likifungwa linakuwa kama shuka lililotandikwa, hamna mikunjo. Fimbo iweke juu ya fremu na izidi pembeni sentimita 15 hadi 20 kila upande, kitambaa kiwe na upana mara 2 ya fimbo, kishuke mpaka kiguse sakafu au karibu kabisa, na kiwe na bitana nzito nyuma. Kwenye hita ya chini ya dirisha hapo pazia liishie juu ya hita, usilifunike joto likabaki nyuma ya kitambaa. Yafunge mara giza linapoingia, asubuhi yafungue yote jua liingie. Ukiwa kaskazini mwa ikweta jua la miezi ya baridi linapita upande wa kusini, ukiwa kusini mwa ikweta linapita kaskazini, kwa hiyo madirisha ya upande huo ndo unayaachia wazi mchana na ndo unaweka kiti chako cha kusomea.

Kioo kikiwa kimoja chembamba na huwezi kubadilisha dirisha zima mwaka huu, au umepanga na mwenye nyumba hataki kusikia, kuna ile plastiki angavu ya kubandika kwenye fremu unaikaza kwa drai ya nywele mpaka inanyooka. Hewa iliyonaswa katikati ndo inayozuia joto. Ikibandikwa vizuri haionekani sana na mwisho wa msimu unaitoa.

Sakafu ya vigae na ya mbao kwenye chumba kimoja zina joto sawa ukipima, lakini kigae kinavuta joto la mguu haraka ndo maana unaruka ukikanyaga asubuhi. Zulia linamaliza hilo. Chagua kubwa, tena kubwa kuliko unavyodhani, angalau miguu ya mbele ya makochi yote ikae juu yake, kazulia kadogo kanakoelea katikati ya chumba kanafanya sebule ionekane haijakamilika. Chini yake tandika sponji au feti (kile kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa), inazuia kuteleza na inaongeza joto. Kama hela ni ya zulia moja tu basi lipeleke pale miguu inaposhukia ukitoka kitandani. Kwangu hapo ndo pa kwanza.

Na kama una pangaboi angalia pembeni ya mota kuna kaswichi kadogo ka kugeuza mzunguko. Ukitazama kutoka chini lizunguke kufuata mishale ya saa kwa spidi ndogo kabisa, linavuta hewa juu na kuisukuma ile ya moto iliyokwama darini ishuke kupitia kuta, bila kukupulizia wewe.

Taa, hapa tutulie kidogo

Taa zinafanya zaidi ya nusu ya kazi ya kuifanya nyumba ivutie jioni, hilo ni maoni yangu na sina mpango wa kuyabadili. Geuza boksi la balbu utafute namba yenye herufi K mwishoni. 2700K ni ya njano laini, 3000K bado ina joto ila imechangamka, 4000K ni nyeupe na 6500K ni ile ya bluu ya maofisini. Sebuleni na chumbani weka 2700K zote, usichanganye, maana balbu mbili za rangi tofauti kwenye chumba kimoja zinaharibu kila kitu na watu wanashindwa kujua nini kinawakera. Jikoni juu ya meza ya kukatia 3000K au hata 4000K ni sawa, pale unashika kisu. Nguvu ya mwanga soma lumeni badala ya wati, lumeni 800 ni karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60, na LED inakupa hizo kwa wati 8 hadi 10 tu.

Halafu jioni izime ile taa moja ya katikati ya dari. Inamwaga mwanga kichwani kwa watu, nyuso zinakuwa na vivuli na pembe za chumba zinabaki giza. Gawanya mwanga uwe na taa 3 ndogo au zaidi kwa sebule ya kawaida, moja pembeni ya kochi, moja kwenye kona ya mbali, moja juu ya rafu au kabati, na kofia ya taa ya pembeni ya kochi ukingo wake wa chini ukae usawa wa macho ya mtu aliyeketi ili balbu isikupige machoni. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga hakikisha boksi la balbu linasema inakubali kupunguzwa, zisizokubali zitapepesa na kufa mapema.

Rangi

Sasa unaona kwa nini rangi imesubiri taa. Rangi uliyoipenda dukani chini ya taa nyeupe ukiileta nyumbani chini ya 2700K inakuwa kitu kingine. Paka koti mbili kwenye kipande kikubwa cha bodi, kisogeze ukuta huu na ule, kiangalie asubuhi, mchana na usiku taa zikiwa zimewashwa, ndo uamue. Rangi ya udongo wa mfinyanzi, haradali iliyopoa, kijani cha mzeituni, kahawia ya maziwa, zote zinakubali msimu huu, na kama unataka nyeupe chukua yenye unjano kidogo, ile yenye ubluu itakufanya uhisi baridi kwa macho tu. Chukua isiyong'aa, inaficha mabonde ya ukuta. Chumba kidogo usiogope rangi nzito, kikipakwa kuta zote kinakukumbatia, mi ule ukuta mmoja wa rangi tofauti umenichosha.

Rangi nyingi za maji zinataka ukuta na hewa viwe angalau nyuzi 10 za Selsiasi, soma kopo, chini ya hapo haishiki vizuri. Ukuta wenye ukungu usiufunike na rangi, tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Na nyumba ya zamani sana usianze kupiga msasa mkavu kabla hujapima kama rangi ya chini ina madini ya risasi, Marekani kwa mfano waliipiga marufuku majumbani mwaka 1978 tu, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Vitambaa havina maneno mengi: changanya vinavyoshikika tofauti, sufu, pamba nzito, mahameli, mito 3 au 4 kwenye kochi inatosha, na blanketi liwe mahali mkono unapofika bila kuinuka.

Hewa na moto

Ukishaziba nyumba, unyevu wa kupika, kuoga na nguo unazoanika ndani unabaki ndani. Fungua madirisha ya pande mbili dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni, hewa inabadilika ila kuta zinabaki na joto lake. Ka-kipimo ka unyevu kasome kati ya asilimia 40 na 60. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2018 linataja nyuzi 18 kama kiwango cha chini cha usalama kwa miezi ya baridi, wazee na watoto wachanga wanahitaji zaidi ya hapo.

Jiko la mkaa lisiingie ndani kupasha chumba, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi na inaua watu wakiwa usingizini. Kama kuna chochote kinachoungua ndani, meko, hita ya gesi, boila, funga king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala na uite fundi akague bomba la moshi kabla ya kuwasha mara ya kwanza msimu huu. Hita ya umeme ikae mita 1 kutoka kwenye pazia, kitanda na kochi, uchomeke moja kwa moja ukutani na siyo kwenye ekstensheni, na uizime unapokwenda kulala.