Kompyuta ya mezani haiwaki: pa kuanzia kabla hujapiga Windows upya

"Haiwaki" ni neno moja lenye magonjwa matatu ndani yake. Kuna mashine iliyozima kabisa, hata feni haitikisiki. Kuna inayozungusha feni na kuwasha taa huku skrini ikibaki nyeusi. Na kuna inayoonyesha nembo ya kampuni, kisha inakwama kabla ya kufika Windows. Bonyeza swichi mara moja, tulia sekunde 30, tazama na usikilize. Inapokomea ndipo pa kuanzia. Anayekimbilia kupiga Windows upya huweza kufuta picha na hesabu za miaka ya mwenye mashine, wakati kilichoharibika kilikuwa betri ndogo ya bei ya soda.

Andaa bisibisi ya nyota, multimita (kipima umeme), raba safi ya penseli, brashi laini, betri mpya ya CR2032 (ile ndogo bapa kama sarafu) na flashi ya GB 8. Kabla ya kufungua kasha, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani.

Imezima kabisa

Hakikisha soketi ina umeme kwa kuchomeka chaja ya simu, kisha jaribu waya mwingine wa umeme. Tazama nyuma ya pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha): swichi iwe upande wa "I", si "O". Kama kuna kitufe chekundu cha 115/230, hakikisha kimesomeka 230. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani huweza kufika zikiwa kwenye 115, na ukizichomeka hivyo kwenye umeme wetu pawasaplai huungua papo hapo.

Sasa ipime pawasaplai yenyewe. Kipimo hiki ni cha ile yenye plagi kubwa ya pini 24 tu. Mashine nyingi za ofisini zina plagi ya pini 6 au 8, na hizo usizijaribu hivi. Waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, chomoa plagi zote za pawasaplai kwenye mazabodi (bodi kuu), diski na kadi. Kwa kipande cha waya uunganishe tundu la waya wa kijani (upo mmoja tu) na la waya wowote mweusi, kisha washa. Weka ncha nyeusi ya multimita kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye rangi unayopima: njano isome kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Zambarau ni ya volti 5 na huwa na umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Feni isipozunguka usiihukumu bado, maana baadhi hukaa kimya mzigo ukiwa mdogo. Amini namba.

Pawasaplai dhaifu huweza kufaulu bila mzigo na kuanguka ikipewa kazi. Kwa hiyo irudishe kwenye mazabodi, ingiza ncha ya multimita kwa nyuma ya plagi kwenye waya wa njano, na utazame wakati wa kuwasha. Ikishuka chini ya 11.4, badilisha. Usiifungue: ndani kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300, na huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa umeme.

Pawasaplai ikiwa nzima, chomoa nyaya za swichi ya mbele kwenye mazabodi na uguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Mashine ikiwaka, kilichokufa ni kitufe cha kasha tu.

Feni inazunguka, skrini nyeusi

Angalia kwanza waya wa skrini umechomekwa wapi. Mashine yenye kadi ya picha hutoa picha kwenye kadi hiyo. Aliyechomeka kwenye tundu la mazabodi huona giza. Halafu tafuta plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa (ubongo wa kompyuta). Ikiwa imelegea, feni zitazunguka lakini prosesa haina umeme.

Baada ya hapo mshukiwa mkubwa ni RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda). Vumbi na unyevu, hasa mwambao, huweka utando juu ya meno yake ya dhahabu. Chomoa vipande vyote, sugua meno hayo kwa raba kwa upole pande zote mbili mpaka yang'ae, pangusa makombo ya raba kwa brashi, kisha rudisha kipande kimoja tu. Kibonyeze ncha zote mbili mpaka usikie "tak" ya vishikizo. Ikikataa, hamishia tundu lingine, kisha jaribu kipande kingine. Hesabu pia milio mashine inayotoa ikiwaka, lakini maana yake hutofautiana kwa kila kampuni, hivyo isome kwenye kitabu cha modeli yako.

Inayowaka kisha kuzima baada ya sekunde chache mara nyingi ina joto. Safisha feni ya prosesa, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, na ukaze skrubu kwa mshazari ili uzito ulale sawasawa. Kapasita zilizovimba vichwa kwenye mazabodi ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kulehemu.

Inaonyesha nembo, kisha inakwama

Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya mazabodi) kwa kubonyeza mara unapowasha: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, mara nyingi Delete kwa mashine za kuunganishwa. Tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi imekwisha. Mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Chini ya 2.7 badilisha.

Betri hii inaiangushaje Windows? Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, umeme wa volti 5 wa akiba hushikilia mipangilio hata ikiwa imezimwa. Umeme ukikatika usiku kucha, mzigo wote unaiangukia betri. Ikiwa imekufa, mazabodi nyingi, hasa za zamani, hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Diski iliyokuwa AHCI inasomwa kama RAID (njia mbili tofauti za mazabodi kuzungumza na diski), na asubuhi unapata skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Au UEFI (mtindo mpya wa kuwasha) imegeuka Legacy (mtindo wa zamani), na unaambiwa "No bootable device". Diski ni nzima na mafaili yapo! Weka betri mpya, badilisha mpangilio mmoja tu, hifadhi, jaribu. Usipofaulu, urudishe ulipokuwa kabla ya kugusa wa pili.

Diski isipoonekana kabisa kwenye BIOS, badilisha waya wa SATA (unaounganisha diski na mazabodi) na tundu lake. Ikiwa inagonga "tik, tik", zima. Usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) juu yake, maana kila mzunguko unaimaliza. Washa mashine kwa flashi ya Linux (mfumo mwingine unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi) na unakili mafaili ya muhimu kwanza.

Diski ikionekana na mipangilio iko sawa, kilichobaki ni faili za kuwashia. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, chagua "Repair your computer", "Troubleshoot", kisha "Command Prompt". Andika `diskpart`, halafu `list disk`. Nyota chini ya Gpt ina maana diski ni ya UEFI. Hapo `bootrec /fixboot` huweza kujibu "Access is denied", basi pitia njia hii:

`list vol`
`select vol 2` (namba ya kipande kidogo cha FAT32 kilicho kwenye diski, usichague flashi)
`assign letter=S`
`exit`
`bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`

Herufi hubadilika ukiwa humu, na Windows huweza kuwa D. Hakikisha kwa `dir C:\` kabla ya amri ya mwisho. Kama nyota haipo, tumia `bootrec /fixmbr`, `bootrec /fixboot` na `bootrec /rebuildbcd`. Mashine ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data za diski), utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukiona "Boot files successfully created", chomoa flashi na uwashe upya.