Kutumia Tena Mbao za Paa katika Maghala ya Zamani ya Moshi

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na biashara ya kahawa, ambayo iliimarika zaidi wakulima walipounda ushirika wao wa KNCU mwaka 1933, iliuachia mji maghala mapana yenye kuta nene. Anayetaka kugeuza ghala la namna hiyo kuwa ofisi au mgahawa aanze kwa kutazama juu, kwa sababu boriti za mvule au kamfa zilizokwisha kukauka kwa miaka mingi ni hazina ambayo si rahisi kuipata dukani leo.

Kabla ya kung'oa chochote, omba kibali cha ujenzi katika halmashauri, na uhakikishe kwamba paa si la asbesto. Likiwa la asbesto, lisikatwe wala kuvunjwa na mafundi wa kawaida, kwa maana vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Ukaguzi wa boriti ndio unaohitaji subira kuliko kazi nyingine zote. Boriti huanza kuoza pale kichwa chake kinapozama ukutani, mahali ambapo hewa haipiti na maji ya paa linalovuja hutuama. Chomeka bisibisi nyembamba hapo: ikizama bila kushindiliwa, ubao umekwisha ndani hata kama kwa nje unang'aa. Gonga kwa nyundo kutoka ncha hadi ncha ukisikiliza mahali ambapo mlio mkavu unageuka kuwa mzito. Ukikuta unga mpya chini ya vitundu vidogo, dumuzi bado wanakula, na ubao huo utengwe mpaka utiwe dawa. Kipimo cha unyevu kikionyesha zaidi ya asilimia 20, kuvu wana nafasi ya kuendelea kuozesha. Hata hivyo, usiitupe boriti kwa sababu ya ncha zake. Yenye mita 6, ikikatwa nusu mita kila upande, hubaki na mita 5 imara. Kama itabeba mzigo tena, mhandisi ndiye aamue, si fundi wala mwenye jengo.

Pitisha sumaku kila upande kabla ya kupasua, kwani msumari mmoja uliojificha huharibu msumeno na unaweza kumjeruhi seremala. Vilevile fundi avae barakoa, maana vumbi la mvule huwasha pua na ngozi. Rangi ya zamani isikwanguliwe bila kuloweshwa kwanza, kwa kuwa huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Zipange mbao ndani ya ghala lenyewe kwa wiki kadhaa, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, ndipo uzitengenezee ngazi, milango na sakafu. Mimi nasihi randa ipite kidogo tu: alama za shoka na matundu ya misumari viachwe vionekane, kisha ubao upakwe mafuta ya kitani badala ya vanishi nzito.