Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga lenzi za fremu kamili kwenye kamera nyepesi ya kihisi kidogo

Mpigapicha anayetaka kupunguza mzigo huanza kwa kuitazama kamera, kwa sababu ndiyo anayoishika mkononi kutwa nzima. Lenzi zake za fremu kamili, yaani zilizotengenezwa kwa kamera yenye kihisi (sehemu inayonasa mwanga) kikubwa, hataki kuziuza, na akiuliza anajibiwa kwamba zitaingia kwenye kamera ndogo ya kampuni ileile na zitapiga picha bila shida. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli, ila halimwambii kama mzigo wenyewe utapungua. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuandaa ni mizani ya jikoni: pima kila kifaa unachobeba kwa kawaida, uandike namba zake, kisha linganisha jumla mbili, ya mfuko ulio nao na ya mfuko unaoufikiria.

Chukua mfano wa Sony, ambako kamera za vihisi vya aina zote mbili, kikubwa na kidogo, hutumia mfungo mmoja wa lenzi, yaani sehemu ya kamera ambamo lenzi hujifunga. Kamera ya a7 IV, ya fremu kamili, ina gramu 658 ikiwa na betri na kadi, na a6400, ya kihisi kidogo, ina gramu 403, kwa hiyo umeokoa gramu 255. Ukiifunga lenzi ya milimita 70-200 f/2.8 GM ya toleo la kwanza (f/ ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni pana zaidi), yenye gramu 1,480 bila pete yake ya tripodi, jumla inashuka kutoka gramu 2,138 hadi 1,883, yaani pungufu ya takriban asilimia 12, kiasi ambacho shingo na bega havitakishukuru sana. Ukifunga lenzi ndogo ya milimita 35 f/1.8 yenye gramu 280, jumla inatoka 938 hadi 683, na hapo umepunguza zaidi ya robo. Uzito mwingi wa mfuko uko kwenye vioo vya lenzi. Mwenye lenzi fupi zisizovuta atanufaika kwa mabadiliko haya kuliko mwenye lenzi kubwa za kuvuta, na huyu wa pili pengine angefanya vyema kubadilisha lenzi moja kabla ya kubadilisha kamera.

Ukiisharidhika na mizani, geukia upana wa picha, kwa maana hapa ndipo watu wengi hujuta. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24, ilhali kihisi kidogo cha Nikon, Sony au Fujifilm kina takriban 23.5 kwa 15.6, na cha Canon ni kidogo zaidi kidogo, karibu 22.3 kwa 14.9. Lenzi haibadiliki kwa lolote. Inaendelea kumwaga duara lilelile la mwanga, na kihisi kidogo kinachukua sehemu ya katikati tu. Ili kujua picha itakavyoonekana, zidisha urefu wa fokasi, yaani namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi, kwa 1.5, au kwa 1.6 ikiwa ni Canon. Lenzi ya 24-70 inaonyesha kama vile 36-105, ya 16-35 inakuwa kama 24-52, na ile ya 50 iliyokuwa ya kazi zote inageuka kuwa ya picha za sura, kama 75. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia kwenye chumba chembamba kupiga picha ya watu kumi na wawili nikiwa na 24-70 kwenye kamera ndogo, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na bado watu wawili wakabaki nje ya picha. Chumbani hakuna pa kurudi.

Kwa bahati nzuri, jambo hili linaweza kujaribiwa bila kutumia fedha. Kamera nyingi za fremu kamili zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi (mirrorless) zina mpangilio wa kukata picha kwa ukubwa wa kihisi kidogo. Uwashe, na uuache ukiwaka kwa wiki nzima ya kazi zako za kawaida. Picha zitakuwa na pikseli chache, kwani kamera ya milioni 24 itakupa kati ya milioni 10 na 11 tu, lakini unachochunguza wakati huo ni upana, na huo utauona jinsi ulivyo. Sambamba na zoezi hilo, fungua maktaba yako ya picha kwenye kompyuta na uzipange kwa urefu wa fokasi. Kila picha huhifadhi taarifa hiyo, na matokeo yake mara nyingi humshangaza mwenyewe: kuna anayeamini kwamba ni mpigapicha wa mandhari pana, kumbe picha zake nyingi zimepigwa kwa milimita 70. Huyo anaweza kuhama kesho. Ikiwa sehemu kubwa ya picha unazozithamini iko kati ya milimita 16 na 24, basi uweke kwenye bajeti lenzi pana iliyotengenezwa mahususi kwa kihisi kidogo, kwa kuwa hakuna hesabu nyingine itakayokurudishia upana huo. Lenzi hizo kwa kawaida ni nyepesi. Ile ya Sony ya 10-20 f/4 ina gramu 178, wakati 16-35 f/2.8 GM ya kwanza ina 680, ingawa haki inataka tukumbuke kwamba hii nyepesi hupokea nusu tu ya mwanga.

Kuhusu kama lenzi itafunga na kufanya kazi zake zote, usitegemee kauli ya jumla. Chunguza lenzi moja baada ya nyingine. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, huingia moja kwa moja kwenye kamera za kihisi kidogo zenye mfungo wa EF-S ulioletwa mwaka 2003, ila lenzi za EF-S haziingii kwenye kamera ya fremu kamili yenye mfungo wa EF, jambo la kukumbuka kwa anayetarajia kubaki na kamera zote mbili. Kwa upande wa Nikon, tatizo lililojificha ni mota. Lenzi za zamani za AF hazina mota ndani yake, zinategemea bisibisi ndogo iliyomo kwenye kamera, na kamera nyepesi kama D3500 na D5600 hazina bisibisi hiyo, ilhali D7500 inayo. Lenzi itafunga vizuri, mwanga utapimwa, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Adapta (pete ya kuunganishia) ya FTZ, inayopeleka lenzi za mfungo wa F kwenye kamera za Z, nayo haina mota ya namna hiyo.

Adapta zenyewe zinafuata kanuni moja ya vipimo. Umbali kutoka kwenye mfungo hadi kwenye kihisi ni milimita 44 kwa EF na 46.5 kwa Nikon F, lakini kwa mifungo ya kamera zisizo na kioo ni 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony E na 16 kwa Nikon Z. Lenzi ya umbali mrefu ikihamia kwenye kamera ya umbali mfupi, pengo linajazwa na adapta. Safari ya kinyume chake haiwezekani bila kuongeza kioo cha lenzi ndani ya adapta, na mara nyingi kwa kupoteza ubora. Zingatia pia kwamba adapta ina uzito na urefu wake, na kwamba inausukuma mzigo mbele, mbali na kiganja.

Ipo adapta ya aina nyingine inayostahili kutajwa, iliyo na vioo vya kukusanya duara pana la lenzi ya fremu kamili na kulibana liingie kwenye kihisi kidogo. Ile ya kipimo cha 0.71 huifanya kamera ya kuzidisha kwa 1.5 kuona karibu kama fremu kamili, na f/2.8 ikawa f/2. Ni ufumbuzi mzuri kwa mwenye lenzi za EF, lakini haufai kwa lenzi zilizozaliwa kwenye mfungo wa kamera zisizo na kioo, kwani hakuna pengo la kuiweka.

Katika mwanga, usichanganye mambo mawili. Lenzi ya f/2.8 inabaki f/2.8 kwenye kupima mwanga. Kasi ya shata na ISO (usikivu wa kihisi kwa mwanga) hazibadiliki. Kinachobadilika ni mandharinyuma na chembechembe zinazochafua picha kwenye mwanga hafifu. Ukitaka mtu ajae kwenye picha kama zamani itakubidi urudi nyuma, na kwa kurudi nyuma sehemu inayoonekana kwa ukali inaongezeka kina, hata lenzi ya 85 f/1.8 ikatoa sura ya kama 127 kwenye f/2.7. Eneo la kihisi nalo limepungua kwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo tarajia chembechembe za ziada zinazolingana na hatua moja hivi ya ISO. Mpiga ndege mchana hatazihisi. Anayefanya kazi kwenye kumbi zenye taa hafifu azipime kwanza kwa picha zake mwenyewe.

Ukali wa picha una pande mbili zinazovutana. Kihisi kidogo kinaacha pembeni zile sehemu ambazo lenzi nyingi ni dhaifu, hivyo kona zenye giza na zisizo kali zinatoweka zenyewe. Lakini pikseli zimesongamana zaidi: kihisi kidogo cha pikseli milioni 24 kina msongamano sawa na fremu kamili ya milioni 54, na Canon R7, yenye milioni 32.5, inalingana na fremu kamili ya milioni 83. Lenzi ya zamani iliyopendeza kwenye kamera ya milioni 12 inaweza kuonekana laini hapo hata katikati. Kabla ya kuamua, azima au kodi kamera hiyo kwa siku moja, ifunge kwenye tripodi mbele ya gazeti lililobandikwa ukutani, na upige kwa kila lenzi ukianzia tundu likiwa wazi kabisa hadi f/5.6. Ikiwa lenzi inakuwa kali kwenye f/5.6 tu na wewe huipigia f/2 kila siku, jibu umeshalipata.

Msongamano huo huo unafichua mtikisiko wa mkono. Kanuni ya zamani ya kugawa moja kwa urefu wa fokasi ili kupata kasi ya shata itumie baada ya kuzidisha: kwa milimita 200 anzia 1/320 badala ya 1/200. Angalia vilevile kama kamera unayoitaka ina kitulizaji cha mtikisiko ndani ya mwili wake, kwa maana wepesi wa kamera hizi mara nyingi umepatikana kwa kukiondoa. Canon R10, Nikon Z50 na Sony a6400 hazina. R7 na a6700 zinacho. Lenzi ya zamani isiyo na kitulizaji ikikutana na kamera isiyo nacho, umehama kutoka kwenye fremu kamili yenye utulivu kwenda kwenye mkono mtupu, na hasara hiyo ni kubwa kuliko gramu ulizookoa.

Namna ya kushika lazima nayo ibadilike. Mshikio wa kamera ndogo huacha kidole cha mwisho kikining'inia, na lenzi kubwa huivuta pua ya kamera chini; mkono wa kushoto ubebe lenzi, na wa kulia uongoze tu. Mkanda uufunge kwenye pete ya tripodi ya lenzi pale ilipo, na tripodi ishike pete hiyo, isishike kamera.

Mwisho ni betri na kadi, ambazo watu huzikumbuka usiku wa kuamkia kazi. Kamera ndogo ya kampuni ileile inaweza kutumia betri nyingine kabisa: a7 IV hutumia NP-FZ100 ya mAh 2,280, na a6400 hutumia NP-FW50 ya mAh 1,020, kwa hiyo ongeza betri mbili na chaja yake kwenye ile hesabu ya mizani. Nafasi ya kadi kwenye a6400 ni moja, si mbili. Anayelipwa kupiga harusi, tukio lisilorudiwa, ajiulize kama yuko tayari kuifanya kazi hiyo bila nakala ya pili inayojiandika papo hapo; kama hayuko tayari, kamera ndogo ibaki ya safari na ya familia, na ile nzito iendelee kwenda kazini.