Bawa la zimwi ni mkono

Nikichora zimwi lenye mabawa, kabla sijagusa rangi humtazama popo. Bawa lake ni mkono: kidole gumba kiko huru na kucha yake, vidole vinne vimerefuka ndani ya ngozi. Basi chora kwanza bega, kiwiko na kifundo, kisha tandaza vidole. Ngozi ije mwisho. Kifua kiwe kipana, maana ndicho kinachopiga mabawa.

Mwanga nauweka nyuma, jua la magharibi. Ziba tochi ya simu kwa vidole gizani uone: nyama inawaka nyekundu, hasa kingoni. Ngozi ya bawa nayo iwake hivyo, rangi ya chungwa palipo pembamba, damu ya mzee kwenye mikunjo, mifupa ibaki imekoza. Vivuli usivitie nyeusi tupu! Mimi huchanganya buluu na kahawia.