Dawa ya minyoo kwa watoto wa mbwa ianze wiki ya 2

Mnaofuga mbwa hapa Malindi, msingoje mtoto avimbe tumbo ndipo mtafute dawa. Mpeni ya kwanza akiwa na wiki 2, mrudie kila wiki 2 mpaka afike wiki 8, na mama yake apewe siku ile ile. Mchango (minyoo ya mviringo ya utumbo) humwingia angali tumboni mwa mama, kisha kwenye maziwa. Dawa kama piranteli huua minyoo iliyo utumboni tu. Minyoo michanga inayopita mapafuni hushuka utumboni baadaye, ndiyo maana dozi moja haitoshi. Mpime uzito kila mara (mimi humtia kikapuni juu ya mizani ya jikoni), kwani hukua upesi na dozi ya juzi haimfai leo. Kwa tegu (minyoo bapa kama utepe) piranteli haifanyi kazi. Tegu mara nyingi huletwa na viroboto na ana dawa yake. Ukiona fizi zimepauka au choo cheusi kama lami, huenda ni safura (minyoo inayonyonya damu), inayopenda mchanga wenye unyevu kama wa nyua zetu. Hapo usijaribu nyumbani, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Na kinyesi kizolewe kila siku, kabla mayai ya mchango hayajakomaa, maana huambukiza watoto wetu pia.