Kusaka hati za Kaunti ya Nairobi ukiwa ughaibuni

Ukiwa Doha au Minneapolis na unataka kujua kama barabara ya mbele ya ploti yenu Mutu-ini iliwahi kutengewa pesa, kinachokujia haraka ni kufungua tovuti ya kaunti na kuandika "barabara ya Mutuini" kwenye kisanduku cha kutafutia. Aghalabu hutoki na kitu. Visanduku vya aina hiyo kwa kawaida husoma kurasa za tovuti zenyewe, havifungui PDF zilizomo ndani. Isitoshe, hati yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na huenda haikuwekwa kwenye tovuti hiyo tangu mwanzo. Kabla hujaandika neno lolote, jiulize karatasi hiyo ilitoka ofisi gani, na mwaka gani.

Serikali ya kaunti, yaani upande wa gavana, hutumia nairobi.go.ke. Huko tafuta mipango, makadirio ya bajeti, matangazo na zabuni. Bunge la Kaunti lina tovuti yake, nairobiassembly.go.ke, na huko ndiko ziliko Hansadi (kumbukumbu za maneno yaliyosemwa bungeni), miswada, ripoti za kamati na karatasi zilizowasilishwa mezani. Sheria na notisi huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, unalolipata bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Hatimiliki si mali ya kaunti hata kidogo. Ni ya Wizara ya Ardhi, na kwa Nairobi utafutaji wake umehamia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, tangu Aprili 2021. Kaunti inachojua kuhusu ploti yako ni kodi unayodaiwa kila mwaka na ramani ulizoidhinishiwa. Barabara nazo zina wenyewe: Thika Road ni ya KeNHA, na nyingi za mjini ziko chini ya KURA, zote mashirika ya serikali kuu, hivyo usishangae kukosa mkataba wake City Hall, makao ya kaunti.

Jina la mji limebadilika, na kosa hapa hugharimu jioni nzima. Nairobi ilikuwa manispaa hadi ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Baraza la Jiji lilivunjwa 1983, likaja tume iliyoteuliwa na serikali, "Nairobi City Commission", hadi 1992. Kisha "City Council of Nairobi" hadi 2013, na tangu hapo ni "Nairobi City County". Kati ya 2020 na 2022 kazi za afya, uchukuzi, ujenzi na mipango zilikuwa mikononi mwa Nairobi Metropolitan Services (NMS), chombo cha serikali kuu. Zabuni ya barabara ya mtaani ya 2021 basi itafute pia kwa jina "Nairobi Metropolitan Services", maana ukishikilia jina la kaunti peke yake utaipita.

Mipaka nayo. Kabla ya uchaguzi wa 2013 Nairobi ilikuwa na maeneo bunge 8. Sasa ni 17, na wadi 85. Hati ya 2009 inayosema Embakasi inaweza kuwa inazungumzia sehemu ambayo leo ni Embakasi Mashariki, Magharibi, Kati, Kaskazini au Kusini. Kibra ilikuwa ndani ya Lang'ata, Mathare ndani ya Starehe, Roysambu na Ruaraka ndani ya Kasarani. Kwa hati za kikoloni, kumbuka Kenyatta Avenue ilikuwa Delamere Avenue, Moi Avenue ilikuwa Government Road, Tom Mboya ilikuwa Victoria Street, na Jogoo Road ilikuwa Doonholm Road.

Jinsi ya kutafuta

Achana na kisanduku cha tovuti, tumia Google kwa amri hii:

site:nairobiassembly.go.ke filetype:pdf "Mutuini"

Usiache nafasi baada ya nukta pacha. Alama za nukuu zinalazimisha neno litokee jinsi lilivyo. Ukimaliza, rudia ukibadilisha tahajia: Mutuini, Mutu-ini. Ngando, Ng'ando. Buruburu, Buru Buru. Karani mmoja huandika hivi, mwingine vile, wakati mwingine ndani ya hati ileile. Kisha rudia utafutaji wote kwa nairobi.go.ke.

Maneno ya mada yaandike kwa Kiingereza cha ofisini, si cha mtaani. Barabara haitajwi kwamba "imetengenezwa". Ni "rehabilitation", "grading and gravelling", "cabro", au "bitumen standards". Mtaro ni "drainage". Hata hivyo jaribu Kiswahili pia kwenye Hansadi, maana wawakilishi wadi husema lugha zote mbili na maneno yao hunukuliwa yalivyotoka.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Ndani ya hati utaona 2023/2024, lakini jina la faili haliwezi kubeba mkwaju, kwa hiyo huwa 2023-2024, 2023-24 au FY2023. Jaribu zote. Kalenda ya sheria husaidia kukisia mwezi: mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mpango mkubwa wa miaka mitano, CIDP, upo kwa vipindi vya 2013–2017, 2018–2022 na 2023–2027. Ukianzia hapo unaona mradi wako uliahidiwa lini, kisha unaufuata kwenye bajeti mwaka baada ya mwaka.

Bajeti ni ahadi tu. Kujua pesa zilitumika, fungua ripoti za Msimamizi wa Bajeti (cob.go.ke) na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (oagkenya.go.ke). Ripoti ya Msimamizi hutaja kaunti zote 47 kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo ruka hadi baada ya Murang'a.

Kufuata swali ndani ya Hansadi

Tuseme umepata kikao ambamo mwakilishi wadi anaomba kauli ("statement") kuhusu mtaro uliokwama. Wengi huishia hapo, wakadhani suala lilizimwa. Anayejibu ni mwenyekiti wa kamati husika, na jibu huja kikao kingine, pengine wiki kadhaa baadaye. Andika tarehe ya ombi, kisha pitia "Votes and Proceedings" za siku zinazofuata. Hizo ni kurasa chache zinazotaja kilichofanyika bila hotuba, na huzisoma kwa dakika mbili. Ukiona kauli imetolewa, chukua tarehe hiyo na ufungue Hansadi yake. Kama ni ardhilhali ("petition"), yaani ombi rasmi la wananchi, jibu huwa ripoti ya kamati, na hiyo itafute kwenye karatasi zilizowasilishwa mezani. Jihadhari na "Order Paper": inaonyesha kilichopangwa, na kilichopangwa si lazima kiwe kimefanyika.

Ndani ya PDF, bonyeza Ctrl+F na uandike kipande kifupi. Kwa Ng'ando andika "ando" tu, maana kitone cha juu cha kompyuta yako kinaweza kuwa tofauti na kile cha hati, na utafutaji ukarudi mikono mitupu. Kwa majina marefu andika nusu, kwa sababu neno likikatwa mwisho wa mstari halisomeki tena kama neno moja.

Ukipata sifuri kwenye hati unayojua ina neno hilo, jaribu kupaka sentensi rangi kwa kipanya. Ikikataa, hiyo ni picha ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana, na hata Google inaweza kuwa haikuisoma vizuri. Ipandishe kwenye Google Drive, bonyeza kulia, ifungue kwa Google Docs, itageuzwa maandishi. Google yenyewe inashauri faili isizidi MB 2, kwa hiyo ripoti ya kurasa 200 igawe vipande kwanza. Majedwali huvurugika katika ugeuzaji huu, na tarakimu ndizo huumia zaidi: 0 huwa O, 1 huwa l. Kiasi chochote cha pesa kihakikishe kwenye picha ya awali kabla hujakituma kwenye grupu ya WhatsApp ya familia.

Kiungo kikifa, ambalo ni jambo la kila siku kwenye tovuti za serikali zinazofumuliwa upya, nenda web.archive.org, andika nairobi.go.ke/* kisha kwenye orodha ya anwani chuja kwa neno "pdf". Anwani nyingi hubeba mwaka ndani yake, na hapo unakisia faili ni ya lini hata kabla ya kuifungua.

Gazeti Rasmi

Toleo la kawaida hutoka Ijumaa. Namba za notisi huanza upya kila Januari, hivyo "Gazette Notice No. 1500" bila mwaka haina maana. Juzuu imeandikwa kwa tarakimu za Kirumi. CXXVI ni ya 2024, nawe hesabu kuanzia hapo. Matoleo ya zamani, kurudi hadi 1899, mengi yako Google Books na yanatafutika kwa neno.

Kwa aliye mbali, hili ndilo la kutazama mara kwa mara. Anayedai hatimiliki imepotea lazima atangazwe, na hati mpya hutolewa siku 60 baadaye. Notisi ya mirathi huacha siku 30 za pingamizi. Tafuta namba ya shamba peke yake ndani ya alama za nukuu, bila "L.R. No.", kwa kuwa utangulizi huo huandikwa kwa namna nyingi. Na kama ploti ilikuwa na namba ya zamani inayoanza na 209/, angalia kama imegeuzwa kuwa "Nairobi Block"; zoezi hilo linabadilisha namba yote, na utafutaji wa ile ya zamani pekee hauoni kilichotokea baada yake. Ardhisasa hutuma namba za siri kwa SMS, kwa hiyo laini yako ya Kenya iwe hai kabla hujaanza.

Ikikosekana mtandaoni

Omba kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi kwa Kiingereza au Kiswahili, na kuomba ni bure. Unalipia gharama ya kutoa nakala tu. Haki hii ni ya raia. Waliochukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 na hawajaomba kurejeshewa wa Kenya, wamwachie ndugu mwenye kitambulisho atume kwa jina lake.

Hati ya bunge mwandikie Karani wa Bunge la Kaunti, ya utawala mwandikie Katibu wa Kaunti. Usiulize "nini kilitokea kuhusu barabara yetu". Taja hati yenyewe, kwa mfano: "Naomba nakala ya ripoti ya kamati kuhusu mtaro wa wadi ya Mutu-ini, iliyowasilishwa mezani katika kikao cha tarehe fulani, kwa PDF." Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kama hati iko taasisi nyingine, ombi linapaswa kuhamishwa ndani ya siku 5. Wakikataa, una siku 30 za kwenda CAJ (Commission on Administrative Justice), tume inayojulikana kama Ombudsman. Hifadhi barua pepe uliyotuma pamoja na tarehe, kwani siku huhesabiwa kutoka hapo.

Simu piga mapema: saa tatu asubuhi ya Nairobi ni saa sita au saa saba usiku Minneapolis, kutegemea msimu. Faili za kikoloni ziko Kenya National Archives, Moi Avenue, na magazeti ya kale McMillan Library, Banda Street, lakini huko atahitajika mtu wa kwenda kwa miguu. Ukimtuma City Hall, mpe barua ya idhini, nakala ya kitambulisho chako na jina kamili la hati, la sivyo ataishia kwa mabroka wa kwenye korido.

Kama karatasi inakwenda mahakamani au benki, PDF uliyopakua haitoshi. Sema kwenye ombi, tangu siku ya kwanza, kwamba unataka nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri na sahihi, na uandike anwani ya posta itakakotumwa.